NATI ZA GURUDUMU: KAZA, TEMBEA, KAZA TENA

Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima mbele ya wanakisomo na wanakijiji, baada ya darasa la jioni



Leo sitazungumza juu ya mbolea, wala juu ya choo. Nitazungumza juu ya kitu kidogo cha chuma kinachoenea katika kiganja cha mtoto. Kitu hicho ni nati ya gurudumu la gari. Najua wengine mtasema, "Mwalimu, sisi magari hatuna, nati zinatuhusu nini?" Lakini ni nani hapa hajapanda gari mwezi huu? Alizeti yetu inakwenda mjini kwa gari. Mgonjwa anakwenda hospitali kwa gari. Hata mkokoteni wa punda una rimu za gari na nati zake. Jambo hili ni letu.

Nitaanza na kisa. Baadhi yenu mnakijua, maana mlikuwamo.

Kikundi cha akina mama cha kata yetu kiliweka akiba mpaka kikanunua gari aina ya Noah, lililokwisha tumika. Likafanya kazi vizuri. Baadaye rimu zake mbili zilipigwa na mawe zikapata ufa. Kikundi kikaamua kununua rimu nyingine nne, zile za kung'aa ambazo vijana huziita rimu za spoti. Zilifungwa mjini, katika gereji moja ambayo sitaitaja. Rimu zile zilikuja bila nati, basi fundi akatumia nati za zamani. Alifanya haraka, watu walikuwa wanamngoja. Mwisho akapachika vifuniko vya katikati, vikang'aa kama sinia ya harusi. Gari likapendeza kweli.

Mimi nilikuwa mjini siku hiyo, nikapewa lifti ya kurudi. Ndani ya boksi la rimu mlikuwa na karatasi yenye maandishi, tarakimu na picha ya nyota. Mnajua niliifanyia nini? Nilifungia karanga. Mimi mwalimu, ninayewaambia kila siku, "Someni kila kilichoandikwa."

Tukiwa njiani kifuniko kimoja kikaanguka, cha gurudumu la nyuma kushoto. Tulisimamisha gari, tukarudi kukitafuta. Tulitafuta nusu saa mpaka tukakipata kwenye majani, tukakipachika kwa kukigonga na jiwe. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuzitazama nati zilizokuwa pembeni ya kifuniko kile.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya mnada. Tulipanda, gari likajaa. Tulipovuka daraja tukasikia sauti: ko, ko, ko. Sauti ilikuwa kubwa gari lilipokwenda polepole, na lilipokimbia ilipungua. Dereva akasema, "Ni barabara hii." Sote tukakubali, mimi nikiwa wa kwanza. Kilomita chache mbele gari likalala upande mmoja, na tukaliona gurudumu letu wenyewe likitupita, likitangulia mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Liliteremka bondeni, likamgonga mama mmoja, mwanakisomo mwenzetu, aliyekuwa anatoka kisimani na ndoo kichwani. Alivunjika mguu. Alilala hospitali wiki saba. Leo yupo hapa, amekaa mbele, na ameniruhusu niyaseme haya. Anatembea, lakini kulima kutwa hawezi tena.

Niliporudi nyumbani niliitafuta ile karatasi. Ilikuwa imelowa mafuta ya karanga, lakini ilisomeka. Iliandikwa kwa Kiingereza, ila hata asiyejua Kiingereza angeziona tarakimu: 80 na 160, na pembeni yake herufi "km". Maana yake ni kwamba nati zikazwe tena baada ya gari kutembea kati ya kilomita 80 na kilomita 160. Gari letu lilikuwa limetembea kama kilomita 140. Hazikukazwa.

Basi tujifunze. Gurudumu linashikwa na nini?

Wengi tunadhani gurudumu linaning'inia kwenye boliti kama kikapu kwenye msumari. Sivyo. Wekeni viganja viwili pamoja, hivi. Sasa jirani yako avibane kwa nguvu kutoka pande zote mbili. Jaribu kuvisugua. Haviendi, si ndiyo? Akivilegeza vinateleza. Rimu ni kiganja kimoja, na habu, ile sehemu ya gari inayozunguka na kubeba gurudumu, ni kiganja cha pili. Nati ndizo mikono inayobana. Kinacholizuia gurudumu lisicheze ni kule kubanwa. Nati zikilegea, rimu inaanza kuteleza kidogo kidogo juu ya habu, na kila linapozunguka inazipinda boliti huku na huku. Chukua waya, upinde huku na huku mara nyingi. Unafanyaje? Unakatika. Na boliti ni hivyo hivyo.

Jambo jingine ambalo mimi lilinishangaza nilipolisoma: nati ikikazwa sawasawa, boliti inavutika. Ni kidogo sana, jicho halioni, lakini inavutika kama mpira wa manati, na inataka kurudi. Huko kutaka kurudi ndiko kunakobana. Kwa sababu hiyo nati iliyozungushwa mpaka mwisho kwa vidole tu haishiki kitu, hata kama kwa macho imekaa mahali pake.

Mzee mmoja wa safu ya nyuma ameniuliza swali zuri kabla hatujaanza. Amesema, "Mwalimu, kwa nini msizichomelee hizo nati zisitoke kabisa?" Babu, ukichomelea, siku ya pancha utalitoaje gurudumu? Na moto wa kuchomelea unaiharibu boliti, nguvu yake inapungua. Lakini swali lako lina akili, maana linauliza kwa nini nati iliyokazwa ilegee yenyewe.

Akina mama watanijibia hilo. Umetoka porini na mzigo wa kuni. Umeufunga kwa kamba, umekaza mpaka umesema basi. Ukitembea nusu saa, kamba imekuwaje? Imelegea. Hakuna aliyeifungua. Ni kuni zenyewe zimejipanga, maganda yamesagika, mzigo umejishindilia. Unautua, unakaza tena, na safari hii unafika nao. Rimu mpya ni vivyo hivyo. Kuna rangi mpya mahali nati inapokaa. Kuna vumbi na kutu kati ya rimu na habu. Gari likitembea, vitu hivyo vinasagika. Pengo linalobaki ni dogo kama unene wa karatasi, lakini boliti haikuvutika zaidi ya hapo, basi mbano wote unakwisha. Kwa hiyo kukaza mara ya pili hakuna maana kwamba fundi hakufanya kazi. Hata fundi bora atakuambia urudi.

Sasa tuje kwenye nati zenyewe, maana hapa ndipo penye kosa kubwa la gari letu.

Nimeleta nati mbili, zipitisheni. Hii ya kwanza imechongoka mdomoni kama pia ya watoto. Hii ya pili ina mdomo bapa na washa pana. Toyota nyingi zilizotoka kiwandani na rimu za aloi zina nati za aina hii ya pili, zenye washa bapa. Rimu nyingi za spoti zinazouzwa madukani, Kariakoo au kwingineko, zina matundu yaliyochongwa kwa ajili ya nati ya aina ya kwanza, iliyochongoka. Nati iliyochongoka inaingia katika tundu lake kama jembe linavyoingia kwenye mpini: kadiri unavyokaza ndivyo inavyojisogeza katikati na kushika. Nati bapa ikiwekwa kwenye tundu la namna hiyo inakaa juu ya ukingo mwembamba tu. Unaikaza, inagoma, unadhani imeshika. Kumbe imeshika ukingo. Zipo na za tatu, zenye mdomo wa mviringo kama yai. Hizo utaziona kwenye Honda. Mdomo wa nati na mdomo wa tundu lazima vifanane. Ukinunua rimu, uliza na nati zake, na bei yake iingize kwenye hesabu tangu mwanzo.

Tena kuna hesi, ile mistari inayozunguka boliti. Hapa kusoma kunasaidia. Kwenye boksi la nati utaona limeandikwa M12 × 1.5 au M12 × 1.25. Tarakimu 12 ni unene wa boliti, milimita 12. Tarakimu ya pili ni hatua, yaani nati ikizunguka mara moja inasogea milimita moja na nusu, au milimita moja na robo. Toyota nyingi ndogo ni 1.5. Nissan nyingi na Suzuki nyingi ni 1.25. Zikichanganywa, nati inaingia mizunguko miwili mitatu kisha inakwama. Kijana mwenye nguvu ataisukuma kwa spana, naye atakuwa ameiharibu hesi. Nati nzuri unaianza kwa vidole, na kwa vidole inakwenda mpaka ndani. Spana ni ya mwisho.

Haya, fungueni madaftari tufanye hesabu moja. Nati inatakiwa iishike boliti kwa urefu usiopungua unene wa boliti yenyewe. Boliti ni milimita 12, kila mzunguko ni milimita 1.5. Kumi na mbili gawanya kwa moja na nusu ni ngapi? Nane. Vizuri. Kwa hiyo hesabu mizunguko unapoifunga. Ikiwa nane au zaidi, vema. Ikiwa minne, rimu ni nene mno kwa boliti hiyo, usisafiri. Kwa ile ya hatua ya 1.25 mnapata 9.6, semeni kumi.

Tundu la katikati la rimu nalo lina habari yake. Kwenye Toyota nyingi zenye boliti tano, tundu hilo kwa rimu ya kiwandani ni milimita 60.1, nalo linaivaa habu barabara kama kofia yako mwenyewe. Rimu za madukani hutobolewa tundu kubwa ili ziuzike kwa magari mengi. Tundu la milimita 73.1 ni la kawaida. Toeni: inabaki milimita 13, yaani sita na nusu kila upande. Rimu kama hiyo ikifungwa vibaya inakaa kombo na usukani unatetemeka. Zipo pete za kujaza nafasi hiyo, za plastiki au za aluminiamu, na bei yake si ya kutisha. Pete haibebi gari. Kazi yake ni kuweka rimu katikati wakati wa kufunga.

Sasa kukaza. Kwanza safisha kwa brashi ya waya: uso wa habu, mgongo wa rimu, hesi za boliti. Mafundi wetu wanapenda kupaka grisi kwenye boliti ili nati iteleze. Kwa magari haya madogo usipake, isipokuwa kitabu cha gari kimeagiza, maana nati inayoteleza unaikaza kupita kiasi bila kujua. Na pale nati inapokalia kwenye rimu usipake kabisa.

Kisha anza zote kwa vidole. Chukua chaki, ziandike namba 1 mpaka 5 kwa kuzunguka. Usikaze 1, halafu 2, halafu 3 kwa jirani jirani, kwa sababu rimu italala upande mmoja kama sufuria iliyofunikwa kombo. Kaza 1, ruka kwenye 3, kisha 5, kisha 2, kisha 4. Mkichora mstari kufuata njia hiyo mtaona nyota. Ndiyo ile picha niliyoifungia karanga. Zungukia nyota mara ya kwanza kwa nguvu kidogo gurudumu likiwa juu, shusha jeki mpaka tairi liguse chini lisizunguke, kisha zungukia mara ya pili kwa nguvu kamili.

Nguvu kamili ni kiasi gani? Vitabu vya Toyota nyingi ndogo vinaandika Nm 103. Ipo spana maalumu ya kupima nguvu hiyo, na gereji nzuri inayo. Kijijini hatuna, lakini ndoo tunayo. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji, pamoja na uzito wa ndoo yenyewe, ina kama kilo 21. Chukua spana yenye mpini wa nusu mita, ivike kwenye nati mpini ukielekea kulia, umelala sawa na ardhi. Tundika ndoo mwishoni mwa mpini, taratibu, usiidondoshe. Uzito ule unakaza kwa kama Nm 103. Sisemi mtembee na ndoo barabarani. Nasema mkono wako ujifunze mara moja uzito wa ndoo ni upi, usahau ubabe. Maana nimeona vijana wakipanda juu ya spana na kurukaruka. Mtu wa kilo 70 akisimama juu ya mpini ule ule, bila hata kuruka, amezidisha zaidi ya mara tatu. Akiongeza bomba urefu ukafika mita moja, ni karibu mara saba. Boliti iliyovutwa hivyo hairudi tena kama mpira, inabaki imelegea kama lastiki ya sketi kuukuu, na siku moja inakatika. Land Cruiser kubwa na malori yana namba zake, tena kubwa zaidi. Msitumie ndoo yangu huko. Na malori ya zamani yana upande wa kushoto wenye hesi za kinyume. Nimewahi kumwona utingo akihangaika asubuhi nzima kufungua kumbe anakaza.

Nimeulizwa pia juu ya vile vifuniko vya katikati, kwa kuwa vinapotea sana na akina mama wa kikundi wameshanunua vingine mara mbili. Kifuniko kinazuia tope na vumbi visiingie kwenye habu. Gurudumu hakilishiki hata kidogo. Vipo vya kusukumwa kutoka nje, vyenye meno ya plastiki na pengine pete ya waya. Hivi huanguka meno yakivunjika, au pete ikilegea, au mahali pa kushika pakiwa pachafu. Safisha, ipanue pete kidogo kwa mkono, kisha sukuma kwa kiganja mpaka usikie "ta". Jiwe linavunja meno. Sisi tulilivunja la kwetu. Vipo vingine vinavyopitishwa kutoka nyuma ya rimu kabla gurudumu halijafungwa. Hivyo hata ugonge mpaka jioni haviingii kutoka mbele. Ukitaka kununua kingine, pima tundu kwa milimita, mbele na nyuma, uandike, uende dukani na karatasi. Ukipachika kikatoka tena na tena, angalia kama ncha ya habu inakigusa kutoka ndani.

Kuna na yale masahani makubwa ya plastiki yanayofunika rimu nzima. Yanaficha nati. Lisirudishwe sahani kabla nati hazijakaguliwa. Wala kipande cha plastiki kisibanwe chini ya nati, isipokuwa kile kilichotengenezwa na kiwanda kwa namna hiyo, kwa sababu plastiki inasagika na mbano unakwisha, kama maganda ya kuni.

Baada ya ajali ile kikundi kilinunua daftari. Siku gurudumu linapofunguliwa, kwa pancha au kwa lolote, dereva anaandika tarakimu za kilomita anazozisoma mbele yake. Juzi iliandikwa 148,210. Akajumlisha 80, akaandika chini yake 148,290. Tarakimu hizo zikifika, gari linasimama, magurudumu yakiwa yamepoa, nati zinakazwa kwa nyota. Katibu wa kikundi anaweka sahihi. Katibu huyo alianza kujifunza kuandika jina lake katika darasa hili. Ndiye mama aliyevunjika mguu.

Nati zikilegea zinaonya. Mtasikia ile ko, ko, ko kwenye mwendo mdogo. Usukani utatetemeka au mkia wa gari utayumba. Mtaona mistari ya kutu ikichuruzika kutoka kwenye nati, au chuma kinachong'aa pembeni yake mahali rimu imekuwa ikisugua. Gurudumu lililotembea likiwa limelegea halitoshi kukazwa tu. Tazama matundu: yakiwa yamepanuka kama yai, rimu hiyo basi. Boliti zake nazo zibadilishwe zote, hata zile zinazoonekana nzima, kwa sababu zimekwisha pindwa kama ule waya.

Na abiria aseme. Najua ni vigumu. Dereva ni mtoto wa jirani, gari limejaa, watu wana haraka, nawe unaogopa kuambiwa unajidai kujua. Mimi mwenyewe niliogopa hivyo hivyo siku ile, na nilikuwa na karatasi mfukoni. Mwambie, "Mwanangu, simama tuangalie nati." Ni dakika tano. Akikataa, shuka, umwache aende.

Maneno yametosha. Noah ipo pale chini ya mwembe na dereva ameleta spana na jeki. Mama Katibu, njoo na daftari. Nani ana chaki? Na vijana wawili waende kisimani wakajaze ndoo.